Namna ya kusoma matokeo na takwimu za wanafunzi wa shule ya msingi ya umma Marekani

Ile asilimia ya ufaulu inayokaa juu kabisa ya ripoti hukueleza zaidi ni watoto wa nani wanaosoma pale, kuliko jinsi shule inavyofundisha. Ukitaka kujua hilo la pili, inabidi uichambue kwa kalamu na karatasi.

Chukua ripoti rasmi kwenye tovuti ya idara ya elimu ya jimbo. Sheria ya shirikisho iliyosainiwa Desemba 2015 (ESSA) inalazimisha kila jimbo kuitoa kwa kila shule ya umma. Tovuti zinazouza nyumba huku zikizipa shule alama 1 hadi 10 huchota kwenye chungu hicho hicho, kisha huchanganya kwa kanuni zao, ziache. Pakua jedwali la miaka mitatu au minne. Mitihani ya 2020 haikufanyika, na 2021 sehemu nyingi watoto wengi hawakuifanya, kwa hiyo usianzie mlinganisho wako hapo.

Sasa angalia waliopimwa ni akina nani. Mtihani wa jimbo wa kusoma na hesabu huanza darasa la tatu. Shule ya chekechea hadi darasa la tano yenye watoto 420, tuseme 70 kila darasa, imepima 210 tu. Ndani ya darasa moja, kila mtoto ana uzito wa pointi 1.4. Watano wakikosa mstari wa kufaulu kwa swali moja moja, darasa “limeshuka” pointi 7, na mwalimu ni yule yule. Ndiyo maana mwaka mmoja peke yake si ushahidi. Tazama pia safu ya ushiriki: sheria inadai angalau asilimia 95 ya wanafunzi wote na ya kila kundi wapimwe. Ikiwa chini ya hapo, jiulize ni akina nani waliobaki nyumbani.

Usivuke mpaka wa jimbo na asilimia ya ufaulu. Kila jimbo lina mstari wake wa kufaulu, na Texas haiwezi kuwekwa kando ya Massachusetts. Mtihani wa taifa, NAEP, hupima sampuli tu na hautoi matokeo ya shule moja moja.

Hatua inayofuata ndiyo yenye faida kubwa: linganisha kundi kwa kundi. Chukua mfano wa kubuni wa shule mbili, kila moja ikiwa imepima watoto 100. Shule ya kwanza ina 80 wa familia zenye uwezo, wakafaulu 56 (asilimia 70), na 20 wa kipato cha chini, wakafaulu 6 (asilimia 30). Jumla ni asilimia 62. Ya pili ina 30 wenye uwezo, wakafaulu 24 (asilimia 80), na 70 wa kipato cha chini, wakafaulu 28 (asilimia 40). Jumla ni asilimia 52. Kwenye kichwa cha ripoti shule ya pili imeachwa nyuma pointi 10, lakini makundi yote mawili yanafanya vizuri zaidi kwake.

Lakini hakikisha makundi yenyewe yana maana unayodhani. Linalochafuka zaidi ni la kipato cha chini. Kwa kawaida lilipimwa kwa fomu za chakula cha mchana: bure kwa familia yenye kipato kisichozidi asilimia 130 ya mstari wa umaskini, bei nafuu hadi asilimia 185. Siku hizi shule nyingi hulisha wote bila fomu, na 2023 sharti la kuingia mpango huo lililegezwa kutoka asilimia 40 ya wanafunzi wanaotambuliwa moja kwa moja, kwa mfano kupitia msaada wa chakula wa SNAP, hadi 25. Ukiona kundi la kipato cha chini la shule limeruka kutoka asilimia 48 hadi 100 kwa mwaka mmoja, mtaa haujafilisika ghafla. Fomu ndizo zilizoacha kujazwa.

Kwenye safu za rangi na asili, aliyejitaja kuwa Mhispania huhesabiwa humo, hata awe wa rangi gani. Mtoto aliyezaliwa Bukavu na yule ambaye ukoo wake uko jimbo la Georgia kwa miaka 200 huandikwa safu moja ya weusi. Safu hiyo haikuambii lolote kuhusu lugha ya nyumbani.

Kundi la wanaojifunza Kiingereza lina mtego wake. Mtoto akifaulu mtihani wa lugha, huondoka kundini, wakabaki wasiofika bado na waliowasili juzi. Ni kama kupima homa ya wodi baada ya kuwaruhusu waliopona. Jimbo linaruhusiwa kuendelea kuwahesabu waliotoka kwa hadi miaka minne, kwa hiyo soma maelezo ya chini kabla ya kulaumu walimu.

Ukikuta nyota badala ya namba, kundi ni dogo mno na limefichwa kulinda siri za watoto. Nyota si sifuri.

Kisha tafuta ukuaji, yaani mtoto amesogea kiasi gani tangu mtihani wa mwaka uliopita. Majimbo mengi huutoa kwa namba kati ya 1 na 99. 50 ni mwendo wa kawaida wa mtoto ukimlinganisha na wenzake walioanza alama zile zile. Shule yenye ufaulu wa asilimia 40 na ukuaji wa 62 ningeipa nafasi kuliko yenye 75 na ukuaji wa 38. Kumbuka tu kwamba darasa la tatu halina mtihani wa nyuma, kwa hiyo kwenye shule inayoishia darasa la tano namba hiyo inasimama juu ya madarasa mawili, la nne na la tano.

Angalia pia safu ya utoro sugu. Huo ni kukosa angalau asilimia 10 ya siku, yaani 18 kati ya 180, zikiwemo siku za ugonjwa wenye cheti. Hizo ni siku mbili tu kwa mwezi.

Mwisho ni uwiano wa wanafunzi kwa mwalimu. Huo si ukubwa wa darasa, maana walimu wa muziki, michezo na mahitaji maalumu huhesabiwa humo. Shule ya 14 kwa 1 inaweza kuwa na watoto 24 chumbani. Piga simu ofisini uulize: darasa la tatu lina watoto wangapi leo?