Domeni yenye ü kwenye Postfix, iandike mara mbili

Kiswahili tunaandika kwa herufi za kawaida tu, ndo maana wengi tukiseti seva ya barua pepe kwa Postfix (programu ya kupokea na kutuma barua) haya mambo hayatujii kichwani, mpaka siku aje mteja ana domeni kama bücher.example au ya Kiarabu kama zile za Oman. Mteja wangu barua zake zingine zilikuwa zinaingia zingine zinarudi na "Relay access denied" (yaani seva imekataa kuipokea), nikahangaika na DNS, ule mfumo wa kuelekeza jina la domeni kwenye seva yake, siku nzima kumbe DNS ilikuwa safi kabisa.

Iko hivi, domeni moja ina sura mbili. Anayoiona mtu ni bücher.example, inayotumika kwenye DNS ni xn--bcher-kva.example. Sasa Postfix ikitafuta kwenye orodha zako haikubadilishii moja kuwa nyingine, kwake hayo ni majina mawili tofauti, kwa hiyo ukiandika moja tu, barua inayokuja na lile lingine inagonga mwamba.

Sura ya pili usiikisie, iulize kwa amri ya idn2:

idn2 bücher.example

Halafu kwenye main.cf (faili la mipangilio ya Postfix), orodha ya domeni ambazo seva inazipokelea barua:

mydestination = localhost, bücher.example, xn--bcher-kva.example

Na faili la virtual, linaloonyesha barua ya kila anwani inapelekwa wapi, hivyohivyo, kila anwani mistari miwili. Inachosha najua, ila ndo inavyotaka. Lisevu kwa UTF-8, piga postmap /etc/postfix/virtual kisha postfix reload. myhostname yenyewe (jina la seva) usiiguse, ibaki herufi za kawaida. Kabla hujamwambia mteja tayari, jaribu zote mbili:

postmap -q info@bücher.example hash:/etc/postfix/virtual

Rudia na ya xn--, majibu yafanane.

Kingine, telnet localhost 25, andika EHLO test, uone kama SMTPUTF8, yaani uwezo wa kupokea anwani zenye herufi kama ü, imo (Postfix inayo tangu 3.0 ya 2015). Haimo? Angalia smtputf8_enable, na ukikuta kwenye logi "EAI support is not compiled in" basi hiyo Postfix ilijengwa bila ICU (maktaba ya kushughulikia herufi za lugha mbalimbali), tafuta pakeji nyingine.

Na upande wa kushoto wa @ hakuna cha xn-- kukuokoa. jürgen@ inataka kila seva njiani iwe na SMTPUTF8, moja ikikosa barua inarudi. Mimi akaunti kuu naweka juergen@, ile ya ü naifanya alias (jina la pili linaloleta barua kwenye akaunti hiyohiyo), na hilo namwambia mteja mapema kabla hajaprinti bizinesi kadi.