Papai bichi kwenye nyama ya mishkaki
Nyama ya ng'ombe ikiwa ngumu, itafute dawa yake kwenye papai bichi, lile la kijani ambalo ukilichanja linatoa utomvu mweupe. Lioshe, likwaruze pamoja na ganda, maana utomvu umejaa hapo. Kijiko kikubwa kimoja kinatosha kilo moja ya vipande. Changanya na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, funika, subiri dakika 30 hadi 45, kisha choma. Utomvu una papaini, kimeng'enya kinachokatakata protini, hivyo nyama inaanza kulainika kabla ya kuona moto. Mzee mwenye meno machache anaitafuna vizuri, na iliyotafunwa vizuri haimlemei tumboni. Usiilaze usiku kucha: nje inakuwa kama uji, inachomoka kwenye kijiti, na ndani bado ngumu. Papai lililoiva halifai, papaini yake imebaki kidogo mno. Wala usilitie kwenye mchuzi unaochemka ukitegemea matokeo yaleyale, moto unakiharibu kimeng'enya kabla hakijafanya kazi. Mwenye mzio wa glovu za mpira aliepuke kabisa, utomvu huu unaweza kumdhuru pia.