Mpira wa soksi kabla jua halijawaka
Walimu wenzangu wa Kisumu, kipindi cha michezo kisiwekwe saa nane mchana. Jua la huku mnalijua. Watoto huishia kujibanza chini ya mwembe. Kiwekeni asubuhi, au pateni dakika kumi kumi kati ya masomo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku kwa wenye miaka 5 hadi 17, na si lazima zifuatane.

Uwanja mdogo? Chezesheni kati, ule mchezo wa kumlenga kwa mpira aliye katikati. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017, mpira si wa mifuko tena, ni soksi kuukuu iliyojazwa matambara na kushonwa mdomo. Ukimpata mtu haumuumizi. Na tafadhali, mpiga kelele wa darasa asinyimwe michezo kama adhabu. Mpeni arushe wa kwanza.