Jinsi ya kukusanya na kuandika maoni ya wasikilizaji wa Lubumbashi kuhusu albamu ya "The Eraser"

Mwimbaji wa bendi mashuhuri anapotoa albamu kwa jina lake mwenyewe, wasikilizaji wengi huihukumu bendi badala ya kuihukumu albamu. Yeyote anayetaka kuandika maoni ya watu kuhusu kazi ya namna hiyo hana budi kukiandaa kikao chake cha kusikiliza kwa namna itakayomwezesha kuzitenganisha hukumu hizo mbili. Hapa nitatumia "The Eraser" ya Thom Yorke, mwimbaji wa bendi ya roki ya Uingereza, Radiohead, iliyotolewa mwezi wa Julai 2006. Ina nyimbo 9 zinazochukua muda wa dakika 41 hivi, kwa hiyo inasikilizwa yote kwa mkao mmoja bila kumchosha mtu, na muziki wake una nafasi wazi kiasi kwamba hata msikilizaji asiyeizoea roki anaweza kuonyesha ni kitu gani hasa kilichomgusa au kumkera.

Waalike watu wanane au kumi, na usiwachague wote miongoni mwa wapenzi wa roki. Wawepo wawili au watatu wanaoijua Radiohead vizuri, wawepo vijana waliokulia katika kwaya za kanisa na rumba, na wawepo pia wazee wanaokumbuka gitaa la Mwenda wa Bayeke, yule Jean Bosco aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, mwaka 1952 huko Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi. Sisemi hivyo kwa ajili ya heshima tu. Mzee aliyemsikiliza Mwenda kwa miaka mingi amezoea kumfuatilia mtu mmoja mwenye sauti yake na chombo chake, bila bendi nyuma, na kwa albamu ya mtu aliyejitenga na wenzake sikio la namna hiyo lina thamani kuliko la shabiki anayejua tarehe zote.

Pakua nyimbo zote mapema, kwa sababu mega za intaneti zikiisha katikati ya wimbo wa tano kikao kimeharibika, na uchaji kila kifaa kabla ya jioni endapo umeme utakatika. Tumia bafle (spika) ndogo ndani ya sebule, mbali na nganda, yaani baa, na mazoezi ya kwaya. Bafle kubwa za sherehe zina besi nzito inayoifunika ile milio midogo ya kompyuta ambayo Yorke ameijenga nayo midundo yake, na asiyeisikia hiyo atatoa maoni kuhusu albamu nyingine kabisa.

Kabla ya kuanza, waambie jina la mwimbaji, mwaka, na kwamba ana bendi; basi. Usiwaambie kwamba albamu iliteuliwa kuwania tuzo ya Mercury nchini Uingereza, maana mtu akishasikia habari ya tuzo huogopa kusema kwamba amechoka. Usiwape maneno ya nyimbo pia, kwa kuwa wengi wao hutumia Kifaransa na Kiswahili, na karatasi ya Kiingereza itawageuza wanafunzi wa lugha wakati umewaita kama wasikilizaji.

Kazi kubwa iko kwenye karatasi nyeupe unayompa kila mmoja. Kila wimbo unapokwisha, simamisha muziki kwa dakika moja ili kila mtu aandike jambo moja alilolisikia, na pasiwe na mazungumzo. Pasipo utaratibu huo, papa mwenye umri mkubwa au kijana anayeijua bendi atasema kwanza, na wengine, kwa adabu zetu, watamfuata. Swali lako nalo lisiwe "Umeupenda?", kwa sababu jibu lake ni ndiyo au hapana na halikupeleki popote. Wimbo wa kwanza, kwa mfano, umejengwa juu ya milio ya piano iliyopigwa na Jonny Greenwood, mwenzake wa Radiohead, ambayo Yorke aliirekodi kisha akaikatakata na kuipanga upya. Uliza: "Piano ilipoanza, ulisikia nini?" Mmoja anaweza kuandika kwamba inakwama, mwingine kwamba mpigaji ana haraka, na hayo ni maoni unayoweza kuyaandikia aya nzima.

Mazungumzo yafuate baada ya wimbo wa mwisho, na hapo ndipo lawama ya bendi itakapojitokeza: "Hii ni Radiohead ambayo haijamalizika." Iandike, lakini usiishie hapo. Muulize msemaji ni wimbo gani ulihitaji ngoma za kweli au gitaa, na ni mahali gani. Akitaja mahali, ana hoja kuhusu albamu. Akishindwa, anawakumbuka wale wenzake wanne Yorke wa Radiohead, na msomaji wako anapaswa kuelezwa tofauti hiyo. Tenganisha vilevile hukumu ya midundo na hukumu ya sauti. Mtayarishaji Nigel Godrich aliiweka sauti ya Yorke mbele, kavu na ya wazi, kwa hiyo si ajabu msikilizaji mmoja kuichukia mashine na kumpenda mwimbaji ndani ya wimbo uleule.

Wimbo wa 8, "Harrowdown Hill", unastahili kurudiwa. Baada ya watu kusema waliyoyasikia, waeleze kwamba jina hilo ni la kilima chenye msitu huko Oxfordshire, mahali ambapo mwili wa David Kelly, mtaalamu wa silaha wa serikali ya Uingereza, ulipatikana Julai 2003 katikati ya mabishano kuhusu vita vya Iraki. Kisha upige tena na uwape karatasi mpya. Weka maandishi ya kwanza na ya pili bega kwa bega katika makala yako, kwa sababu mabadiliko kati yake, au kukosekana kwa mabadiliko, kwangu mimi ni maoni yenye uzito kuliko sifa zote za jumla.

Unapoandika, nukuu watu kama walivyosema. Mtu akikuambia "Hii mashini inanichokesha, lakini sauti yake iko inaniingia mu roho," usimsahihishe ili afanane na kitabu cha shule. Usiandike "wengi walisema" ikiwa ni watatu kati ya wanane, andika watatu. Usitafute wastani, na maoni ya aliyebaki peke yake yapewe nafasi kamili iwapo ameonyesha mahali kwenye wimbo panapomuunga mkono. Mwisho, kabla ya kuchapisha, mtumie kila mmoja aya inayomhusu, na umuulize kama anataka jina lake libaki au liondolewe.