Blowa haifikishi salfa kileleni? Skrubu ya kabureta iguswe mwisho

Mikorosho mikubwa ya Tandahimba na Newala mingine inapita mita kumi. Salfa isipofika kule juu, ugonjwa wa ubwiriunga unabaki kwenye maua ya kileleni na baada ya siku chache unarudi kwenye matawi ambayo yalishapuliziwa. Mpuliziaji mwenye blowa, mashine ya injini ya kupuliza unga wa salfa, akiona unga haupandi, kwanza hufungua zaidi mkono wa salfa. Unga unatoka mwingi, unamwagika chini ya mti, mfuko unaisha kabla ya shamba. Akichoka na hilo anachukua bisibisi na kuanza kuzungusha skrubu za kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, na hapo ndipo mashine nzima huanza kuharibika.

Blowa haina gia. Feni imefungwa moja kwa moja kwenye mhimili wa injini, kwa hiyo injini ikipoteza resi (kasi ya kuzunguka), upepo nao umepotea. Sababu za kupoteza resi ziko nyingi, na kabureta kuharibika mpangilio wenyewe bila kuguswa na mtu ni sababu ya nadra. Skrubu zina springi ya kuzishika. Mashine iliyofanya kazi vizuri msimu uliopita na leo inakohoa, mara tisa kati ya kumi ina uchafu, petroli mbovu, hewa ya wizi (inayopenya pasipotakiwa) au mpira uliokauka. Ukizungusha skrubu kabla ya kuondoa hivyo, unaficha ugonjwa.

Kazi ya kukagua na kusafisha blowa ifanyike Mei, kabla mikorosho haijaanza kutoa maua.

Anza na filta ya hewa. Unga wa salfa ni laini kuliko vumbi la barabara ya Masasi, unaingia kwenye sponji na kuziba. Hewa ikipungua, petroli inazidi: mashine inatoa moshi mzito, inakuwa nzito kupanda resi, plagi inalowa. Sponji ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ikamuliwe bila kusokotwa, ikauke kivulini, ipakwe oili kidogo na kukamuliwa tena. Filta ya karatasi haioshwi, inakung'utwa, na ikibaki nyeusi inabadilishwa. Wakati wa kupulizia salfa, filta ikaguliwe kila unapojaza tangi la pili au la tatu.

Kisha mapezi ya silinda, vile vibapa vya nje vya kuipoza. Salfa huyeyuka kwenye joto la nyuzi 115 hivi, na silinda inapita hapo bila taabu. Unga unaotua kwenye mapezi unaganda kama nta ya njano, na injini inakosa upepo wa kuipoza. Utoe kwa kijiti cha mti na brashi, injini ikiwa imepoa. Tukumbushane pia kwamba unga huu unashika moto. Usiwashe blowa yenye salfa iliyomwagika kwenye bomba la moshi.

Plagi itolewe. Rangi ya chokoleti ni afya. Nyeusi yenye unyevu: petroli au oili imezidi, au moto ni dhaifu. Nyeupe, kavu kama chokaa: petroli imepungua, na hiyo ndiyo ya kuogopa. Katika injini ya mipigo miwili kama ya blowa, oili haina tangi lake, inasafiri ndani ya petroli. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua, na pistoni inakwaruzwa, hasa upande wa kutolea moshi. Mwanya wa plagi kwa blowa nyingi ni milimita 0.5 hadi 0.7.

Halafu mchanganyiko. Kitabu cha mashine ndicho chenye neno la mwisho, lakini blowa nyingi zinataka 25 kwa 1 kwa oili ya kawaida ya 2T (oili ya injini za mipigo miwili), na 50 kwa 1 kwa oili ya 2T yenye daraja la JASO FC au FD lililoandikwa kwenye chupa. Kwa dumu la lita 5 hiyo ni mililita 200 au mililita 100. Nunua bomba la sindano la mililita 20 kwenye duka la dawa za mifugo: moja kwa kila lita ni 50 kwa 1, mawili ni 25 kwa 1. Kukadiria kwa kifuniko cha chupa kumeua pistoni nyingi. Weka nusu ya petroli kwenye dumu, mimina oili, tikisa, kisha ongeza petroli iliyobaki na utikise tena. Usichanganyie ndani ya tangi la mashine.

Wapo wanaoongeza oili "ili injini isichoke". Oili inayozidi inachukua nafasi ya petroli ndani ya mchanganyiko na kuufanya mzito kupita kwenye jeti (kitundu cha kabureta kinachopima petroli), kwa hiyo petroli inayofika kwenye silinda inapungua. Na masizi yanajaa kwenye tundu la kutolea moshi. Ukiona resi inafika mahali inagoma, fungua bomba la moshi uchungulie tundu hilo. Likiwa limebanwa, zungusha injini taratibu mpaka pistoni izibe tundu, kisha kwangua kwa kijiti cha mti. Bisibisi itakwaruza pistoni.

Petroli ya chupa za barabarani ni kamari. Ikiwa na mafuta ya taa ndani, injini inagonga ikiwa imebeba mzigo, na hakuna skrubu inayotibu hilo.

Mashine ikiwaka vizuri, ikafanya kazi dakika kumi na kuzima, legeza kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikiingia kwa mluzi na mashine ikawaka tena, kitundu cha kupumulia cha kifuniko kimeziba. Pini nyembamba inatosha.

Hewa ya wizi

Hii ndiyo inayodanganya mafundi wengi. Hewa inayoingia baada ya kabureta, kwenye gasketi iliyopasuka, kwenye kipande cheusi kinachotenganisha kabureta na silinda, au kwenye sili za mhimili zilizokauka, haikupita mbele ya jeti, kwa hiyo haikubeba petroli. Dalili yake ni resi kuchelewa kushuka unapoachia. Mashine inabaki inalia juu kwa sekunde kadhaa, kisha inashuka, pengine inapanda tena yenyewe. Washa iwe kwenye silensa (resi ya chini, bila kuvuta), paka grisi kuzunguka maungio ya kabureta. Mlio ukibadilika, umepata tundu. Usitumie petroli kupima, silinda ni ya moto. Kama maungio ni mazima na tabia inaendelea, shuku sili. Fundi atazipima kwa kuziba matundu ya injini na kuisukumia upepo mdogo.

Fundi anayeziba tatizo hili kwa kufungua skrubu ya petroli amekupa wiki mbili tu. Silensa itatulia, lakini kwenye resi kubwa hewa ya wizi inabaki kazini.

Kabureta yenyewe

Blowa zetu zina kabureta za aina mbili. Ya kwanza ina bakuli na boya, kama ya pikipiki. Ya pili haina bakuli, ina ngozi nyembamba ya mpira inayovuta petroli kwa mapigo ya injini. Ngozi hii ikikaa na petroli ya zamani inakakamaa. Itikise karibu na sikio: mpya iko kimya, iliyokufa inalia kama karatasi. Badilisha seti nzima pamoja na gasketi zake.

Kwenye kabureta ya boya toa bakuli, toa jeti, zioshe kwa petroli safi na kuzipuliza kwa upepo. Usichokoe jeti kwa waya wa chuma. Tundu lake limepimwa kwa sehemu za milimita, na ukilikwaruza umebadilisha kipimo milele. Unywele wa brashi ya nailoni unatosha. Kama kabureta ina sindano inayopanda na waya wa resi, kibanio chake kina ngazi kadhaa. Kukishusha ngazi moja kunainua sindano na kuongeza petroli kwenye resi za kati, kukipandisha kunapunguza. Anzia ngazi ya katikati.

Kuhusu skrubu ndogo ya silensa ya kabureta za boya, angalia imekaa wapi. Ikiwa upande wa filta, inapima hewa: kuifunga kunaongeza petroli. Ikiwa upande wa injini, inapima petroli: kuifunga kunapunguza. Mafundi wawili wakibishana kuhusu "funga" na "fungua", mara nyingi kila mmoja anazungumzia kabureta nyingine.

Kabureta ya ngozi kwa kawaida ina skrubu tatu: L ya resi ndogo, H ya resi kubwa, na ya tatu inayosukuma kipepeo (kibao kinachofungua njia ya hewa) kupandisha silensa. Kabla ya kugusa, funga L polepole huku ukihesabu mizunguko mpaka iguse tu, andika namba, kisha fanya hivyo kwa H. Ukikaza kwa nguvu, ncha ya skrubu inatoboa kitako chake na kabureta haipangiki tena. Kama hujui pa kuanzia na kitabu kimepotea, fungua L na H zote mzunguko mmoja mmoja.

Bomba la kupulizia liwe limefungwa, lile lile la shambani. Feni ya blowa ina tabia ya kushangaza: ukiziba mdomo wa bomba, mzigo unapungua na resi inapanda. Ukitoa bomba kabisa, upepo unapita mwingi, mzigo unazidi na resi inashuka. Mashine iliyopangwa bila bomba itakuwa imepangwa kwa mzigo ambao shambani haupo. Tangi la salfa liwe tupu na safi.

Washa, acha ipate moto dakika tatu hadi tano. Kwenye silensa, funga L taratibu mpaka resi ipande na kuanza kuyumba, rudi nyuma mpaka ufike pale inapolia juu kabisa, kisha fungua zaidi robo ya mzunguko au pungufu kidogo. Vuta resi ghafla. Ikisita kabla ya kupanda, L inataka kufunguliwa kidogo zaidi. Ikipanda kwa kubwabwaja na moshi, ifunge kidogo. Silensa ikiwa juu au chini, rekebisha kwa skrubu ya tatu.

Sasa H. Vuta resi yote. Fungua H mpaka mlio uwe mzito, wa kukatika-katika, kama mtu anayesukutua maji kooni. Hapo petroli imezidi. Funga kwa moja ya nane ya mzunguko, sikiliza, funga tena, mpaka mlio usafike na kuwa mmoja. Simama hapo na urudi nyuma moja ya nane. Tamaa ya kuendelea kufunga ni kubwa, kwa sababu mlio unazidi kuwa mwembamba na mashine inaonekana ina nguvu. Ule mlio wa nyuki ndio unaokwaruza pistoni. Thibitisha kwa plagi: kimbiza resi yote dakika mbili, zima hapo hapo bila kushusha, iache ipoe, toa plagi uangalie rangi.

Jambo moja la huku kwetu. Salfa hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani yana umande. Hewa ya alfajiri ni baridi na nzito kuliko ya saa nane mchana. Mashine iliyopangwa mchana kwenye uwanja wa gereji itakosa petroli kidogo alfajiri. Vivyo hivyo kwa mwinuko. Kutoka Mikindani kwenda Newala mjini unapanda zaidi ya mita 600, na kila mita 100 hupunguza uzito wa hewa kwa karibu asilimia 1. Blowa ya pwani ikipanda uwanda wa Makonde inazidiwa petroli kidogo, haina hatari. Ya Newala ikishushwa kufanya kibarua mabondeni ndiyo inayoweza kuungua. Ipangwe upya, alfajiri, pale itakapofanya kazi.

Ridi

Injini nyingi ndogo za blowa hazina ridi, ulimi wa kufungua na kufunga njia ya kuingilia: pistoni yenyewe hufungua na kuziba njia ya kuingilia. Fundi akikwambia ridi ya mashine ya namna hiyo imekufa, muombe akuonyeshe. Zenye ridi zimo kwenye baadhi ya blowa kubwa, na karibu mashine zote za boti za mipigo miwili za Kilwa na Lindi. Ridi ni ulimi mwembamba wa chuma au faiba, kati ya kabureta na injini, unaofunguka injini inapovuta na kujifunga inaposukuma.

Isipojifunga vizuri, mchanganyiko unarudi nyuma. Filta inalowa petroli na oili, mashine ngumu kuwaka, silensa inayumba, lakini kwenye resi kubwa inatembea kama nzima. Toa kabureta, toa kizimba cha ridi, kisafishe, kinyanyue mbele ya jua. Mwanga ukionekana kama uzi mwembamba, pima kwa fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia mwanya). Ulimi ulioachana na kitako kwa zaidi ya milimita 0.2 usirudishwe, isipokuwa kitabu kimeruhusu zaidi. Angalia pembe za ncha: mpasuko wa faiba huanza hapo, kama ukucha uliomeguka. Kipande cha chuma kikikatika kinaingia kwenye injini, kwa hiyo usifunge kabla hujakipata.

Kugeuza ulimi uliopinda upande wa pili ni tiba ya siku mbili tu. Ridi zingine zina kona moja iliyokatwa, na bamba la kuzuia lina kona kama hiyo: zikae pamoja. Skrubu zake ni ndogo, zikazwe kwa bisibisi ya mkono na tone la gundi ya kushikia nati. Gasketi iwe mpya, maana hapa ndipo hewa ya wizi inapozaliwa.

Msimu ukiisha, mwaga petroli yote, washa mashine mpaka izime yenyewe kwa kukauka. Toa plagi, tia kijiko kidogo cha oili ya 2T, vuta kamba taratibu mara tatu, rudisha plagi na uiache pistoni ikiwa juu. Osha tangi la salfa na ulikaushe kabisa, kwa sababu salfa ikikutana na unyevu inakula chuma. Blowa isilale chumba kimoja na mifuko ya salfa iliyobaki.