Jinsi ya Kutumia Neno la Kiingereza "Seep"

Kitenzi "seep" hutumika pale ambapo maji, mafuta au gesi hupenya polepole katika vitundu na nyufa ndogo mno, kiasi kwamba jicho halioni mwendo wenyewe bali huona athari yake tu: rangi ya ukuta inayobanduka karibu na sakafu, au doa la darini linaloendelea kutanuka hata mvua ikiwa imekwisha. Katika Kiswahili, "kupenya" au "kujipenyeza" hutosha mara nyingi, na penginepo "kuvuja polepole".

La kuzingatia kwanza ni kiima. Kitenzi "leak" hukubali chombo na kilichomo, kwani bomba huvuja na maji huvuja vilevile. Lakini "seep" kwa kawaida hutaka kiima kiwe kile kinachopenya. Andika "Water is seeping through the wall", yaani maji yanapenya ukutani, wala usiuanze ukuta. Kidonda kimesamehewa, maana "The wound is seeping" ni usemi wa kawaida. Kisha chagua kihusishi kwa kufuata mwelekeo: "into" kwa kuingia, "out of" kwa kutoka, "through" kwa kupita katikati.

Kosa baya zaidi, kwa maoni yangu, ni kukipa kitenzi hiki yambwa, yaani kitu kinachotendwa. Anayevujisha nyaraka kwa makusudi hutajwa kwa "leak"; "He seeped the documents" si Kiingereza. Habari zikijitokeza kidogo kidogo, bila mkono wa mtu kuonekana, ndipo "seep out" hufaa, na shaka inayomwingia mtu taratibu huelezwa hivi: "Doubt seeped into her mind".

Maji yakidondoka tone kwa tone, tumia "drip". Yakichuruzika kwa mstari mwembamba, "trickle". Usaha au tope zito, "ooze".

Irabu ya "seep" ni ndefu. Ukiifupisha utasikika ukisema "sip", yaani kunywa kwa mafunda madogo, na maji yako yatakuwa yanakunywa ukuta. Umbo la wakati uliopita, "seeped", hutamkwa "siipt" kwa silabi moja.

Nomino "seepage" hutaja upenyaji wenyewe na kwa kawaida haitumiwi katika wingi, ilhali "a seep" ni mahali kitu kinapojitokezea. Ndivyo wanajiolojia wanavyopaita Kibiro, kando ya Ziwa Albert nchini Uganda, ambako mafuta ghafi hujitokeza yenyewe juu ya ardhi.