Ginsi ya kuangalia filme yenye imetoka mu gemu

Bandugu ba Goma, kila mara tukikaa hapa Katindo kuongea filme yenye imetoka mu gemu, kuko mutu mwenye anasema "haifanane na gemu" na mazungumuzo inaishia pale. Mi naona hiyo si kipimo. Mufanye hivi.

Cheza mbele ya kuangalia, saa moja tu inatosha. Kama hauna konsoli, nenda kwa bale benye banakodisha PlayStation ku kartiye, na siku ile usichague mupira. Kuranti ikikatika, tafuta ku YouTube video ya mutu mwenye anacheza bila kuongea, uangalie mwanzo yote.

Ukiwa unacheza, angalia mikono yako inafanya nini wakati moyo inaanza kupiga mbio. Hiyo njo utaenda kutafuta mu filme. Chukua Resident Evil, gemu ya 1996. Woga yake haitoke kwa mazombi tu, inatoka kwa risasi kidogo: unafungua mulango, mulango inafunguka polepole mu giza, na wewe uko unahesabu, niko na risasi tano, nirudi ama niendelee? Hata kuhifadhi mchezo iko na mupaka, inaomba utepe ya wino ya mashini ya kuandikia. Kisha weka filme ya 2002. Milla Jovovich anacheza Alice, mutu mwenye hata haiko mu gemu, na watu bengi njo hiyo banalaumu. Mi Alice hanisumbue, na ile filme naipenda kabisa, lakini kale kawoga ka kuhesabu risasi sikakuta mule.

Sasa The Last of Us, gemu ya 2013, seri ya 2023, na Neil Druckmann wa gemu njo alitengeneza seri pamoja na Craig Mazin. Mu gemu unaanza ukiwa Sarah, mutoto ya Joel, unatembea usiku mu nyumba ukitafuta baba, wewe mwenyewe njo unafungua milango. Seri haiwezi kukupa maneti, kile kifaa cha kushika mukononi cha kuchezea, kwa hiyo ikakupa siku ya Sarah, anaenda kutengenezesha saa ya baba yake, unakaa naye mupaka unamuzoea sawa mutoto wa jirani. Wakati mabaya ilifika, dada yangu, mwenye hajashikaka maneti hata siku moja, alikuwa analia ameziba mudomo na kitenge. Pale nikajua bamefaulu. Mu gemu batu banavaa maski juu ya vumbi ya uyoga yenye inaambukiza; seri ilitoa ile mambo mu sezoni ya kwanza, lakini usiihesabu kama kosa, tunataka kuona sura ya Pedro Pascal, mwenye anacheza Joel.

Arcane ya 2021, seri ya katuni yenye imetoka mu gemu League of Legends, hapo usisumbuke kucheza kwanza. Ile gemu ni vita ya batu tano kwa batano, hadithi haikuye mbele yako ukiwa unapigana, na studio Fortiche ya Paris ilieleza kila kitu mu seri yenyewe.

Kisha uangalie na mutu mwenye hajacheza, na usimueleze kitu. Akiuliza "huyu ni nani?" kila dakika, filme imeshindwa. Ikiisha, umuulize swali moja: ni wapi ulitamani kushika maneti wewe mwenyewe?